UZI: Sola ya kuchomeka kwenye prizi, na ule waya wa madume mawili unaotembea Bukavu

FundiNyawera (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Bukavu na Kivu yote, nafungua uzi huu kwa sababu swali ni lilelile na linanijia kwa simu na njiani: "Fundi, nimeona video. Ulaya wanatundika paneli mbili kwenye baraza, wanachomeka fishi ukutani kama mtu anayechomeka pasi, na nyumba inakula umeme wa jua. Kwa nini wewe unasema kazi yangu itachukua siku mbili na waya wa mita hamsini?"

Video si za uongo. Kifaa hicho kipo na kinauzwa madukani huko. Ni paneli moja au mbili na invata ndogo (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli au wa betri uwe kama wa ukutani) inayokaa nyuma ya paneli, kisha waya wenye fishi ya kawaida. Ujerumani tangu Mei 2024 sheria inaruhusu invata ya kutoa hadi wati 800 na paneli za hadi wati 2,000, na mtu anajisajilia mwenyewe kwenye mtandao. Mwaka 2025 zilizosajiliwa zilivuka milioni 1. Watu wengi namna hiyo hawachomeki kitu ukutani kila siku wakafa, kwa hiyo tusiseme kifaa chenyewe ni kibaya.

Lakini tuelewe ni nini kinachokifanya kiwe salama kule. Invata yake haitengenezi umeme wake yenyewe. Inasikiliza umeme wa mtandao, inasoma volti 230 na mapigo 50 kwa sekunde, halafu inaingiza wa kwake ukifuata huohuo. Mtandao ukikatika, inatakiwa izime ndani ya sekunde 0.2. Ukichomoa fishi jua likiwa kali, yale meno mawili yanayobaki wazi mkononi mwako yanakuwa yamekufa kabla hujayagusa. Usalama wote umesimama hapo.

Sasa ilete Bukavu. Saa sita mchana, jua limesimama juu ya ziwa, Snel, shirika letu la umeme, wamekata. Invata yako inatafuta umeme wa kufuata, haiuoni, inazima. Una wati 800 juu ya bati na huwezi hata kuchaji simu. Umeme ukirudi jioni jua limezama. Na hata ukiwepo, jioni wote wanapopika volti zinaanguka. Kwa kanuni ya Ujerumani, zikishuka chini ya 184, yaani asilimia 80 ya 230, kifaa kinajitoa. Wangapi kati yetu wana volti 184 saa moja usiku?

Kinachonitia hofu ni kile watu wanachofanya wakishaona hivyo. Wanachukua invata ya betri, ile inayotengeneza umeme wake bila kufuata mtu, wanaunga waya wenye fishi dume huku na fishi dume kule, upande mmoja kwenye invata, upande wa pili kwenye prizi ya sebuleni. Nyumba nzima inawaka na wanasema ni kama ile ya video.

Si kama ile ya video. Nilikuta mmoja Kadutu, hapahapa Bukavu, nyumba ya mbao, nyuma ya pazia la sebule. Fishi ya upande wa ukuta ilikuwa imelegea, prizi yenyewe imebadilika rangi kuwa kahawia pembeni, na juu ya waya wamefunga gundi nyeusi na kipande cha karatasi: USIGUSE. Chini yake kuna mkeka ambao watoto wanalalia mchana. Fishi ile ikianguka, meno mawili yenye volti 230 yanalala juu ya mkeka, na hakuna sekunde 0.2 ya kumwokoa mtu, kwa sababu invata ya betri haijui kama fishi imechomoka. Itaendelea kutoa mpaka betri iishe.

Naomba tuuongee wazi. Ninayo mengine ya kusema, ila nisikilize kwanza.

BinRuzizi

Yaya FundiNyawera, nakuheshimu, lakini naona unatisha watu. Mimi natumia waya huo tangu zamani. Kabla ya kuchomeka nashusha disjonkta kuu (swichi ya kukata umeme wa nyumba nzima), basi nyumba yangu imejitenga na Snel. Umeme ukirudi naona taa ya jirani, nachomoa, napandisha. Ni utaratibu tu. Tena invata yangu ni ya wati 1,000. Hata nikisahau, haiwezi kulisha mtaa mzima wa Nyamugo, itazidiwa na kuzima yenyewe hapohapo. Watu husema umeme wetu ukirudi nje utamuua mfanyakazi wa laini za Snel, sijui atauawaje.

Kutoka_Koln

Niko Ujerumani, natokea Panzi. Hapa baraza langu lina paneli mbili. Nathibitisha: umeme wa nyumba ukikatika, zinazima. Wageni kutoka nyumbani hawaamini mpaka niwaonyeshe kwa kushusha disjonkta.

Nataka kuongeza kitu ambacho hata hapa watu walibishana nacho miaka mingi. Disjonkta ya kwenye kasha inapima umeme unaopita ndani yake peke yake. Tuseme ni ya ampea 16 na inalinda waya wa ukutani wa milimita 1.5 za mraba. Sasa mimi naingiza kwenye waya uleule wati 800 kutoka upande wa pili. 800 gawa kwa 230 ni kama ampea 3.5. Nikiwasha birika, pasi na tanuri kwa pamoja, disjonkta inaweza kuruhusu 16 zake bila kushtuka, na kipande fulani cha waya kinabeba 19.5. Disjonkta haioni zile 3.5 kwa sababu hazikupitia kwake. Hapa walikubali kwa kuwa ziada ni ndogo na waya za nyumba zina nafasi.

Marekani hesabu ni nzito zaidi kwa sababu nyumbani wana volti 120. Jimbo la Utah lilipitisha sheria mwaka 2025 inayoruhusu hadi wati 1,200. Kwa volti 120 hiyo ni ampea 10, na laini nyingi za prizi kule ni za ampea 15. Piga hesabu: waya wa 15 unaweza kubeba 25 na hakuna kinachoruka. Ndiyo maana wanadai vifaa vipimwe na kuthibitishwa kwanza.

Sasa fikirieni nyumba za kwetu, ambako fizibo (fyuzi, ile inayokatika umeme ukizidi) ikiungua wanafunga uzi wa shaba na kusonga mbele.

FundiNyawera

Asanti sana ndugu wa Köln. Hapo kwenye uzi wa shaba umegusa kidonda. Nimefungua makasha Bagira na Cimpunda yenye fizibo ya kaure ambayo ndani yake kuna nyuzi nne tano za waya wa ralonji (ule wa kurefushia umeme) zimesokotwa pamoja. Hiyo haitakatika kwa ampea 16, pengine hata kwa 60 haitakatika. Waya wa ukutani ndio utakaokuwa fizibo, na waya huo umepita ndani ya mbao kavu. Ninyi nyote mnajua Kadutu inavyoungua kila kiangazi na nyumba zilivyobanana.

BinRuzizi, ndugu yangu, nitakujibu kwa ukamilifu, hujaongea upuuzi.

Utaratibu wako ni sahihi siku unayoufuata. Tatizo ni kwamba umeuweka kichwani mwako wewe mmoja. Siku umesafiri kwenda Uvira, anayebaki nyumbani ni nani? Mke wako usiku na mtoto analia, au mdogo wako aliyekuona ukichomeka lakini hakuona mkono wako kwenye disjonkta. Mtu akipandisha disjonkta wakati waya bado umo, na Snel wakarudisha, umeme wa aina mbili usiofuatana unakutana ndani ya invata yako. Bahati nzuri inaungua kimya na unanunua nyingine. Bahati mbaya inawaka moto.

Na zingatia mpangilio wa mikono. Ukichomeka kwanza upande wa invata iliyowashwa, fishi iliyo mkononi ni hai unapotembea nayo kuelekea ukutani. Ukichomoa kwanza upande wa ukuta, vilevile. Hakuna kifaa kingine nyumbani kinachokudai ukumbuke upande upi unaanza ili usife.

Kuhusu mfanyakazi wa laini naomba mwenye kazi hiyo ajibu, najua yupo humu.

Mpanda_Nguzo

Nipo. Nimefanya kazi ya laini miaka mingi, sitaji wapi.

BinRuzizi yuko sawa kwa nusu. Kama mtaa wote umezimwa na nyumba mia zimeunganika, invata ya wati 1,000 ikirudisha umeme nje inakutana na friji, taa na majiko ya watu wote, inazidiwa, inakufa. Kweli.

Lakini sisi hatuitwi pale mtaa ulipokatika kwa mgao. Tunaitwa pale waya ulipokatika. Mvua imepiga, mti umeanguka, waya kati ya nguzo na nyumba mbili tatu umelala chini. Upande wa nguzo umekufa, tumeshazima. Upande wa kwako hakuna friji mia za kuizidi invata yako. Kuna nyumba yako, labda ya jirani, na ncha ya waya iliyoko mkononi mwangu. Invata yako haitazidiwa na mimi. Mwili wa mtu hauhitaji wati 1,000, ampea 0.1 kupita kifuani inatosha kusimamisha moyo.

Pili, transfoma haina mbele wala nyuma. Inayoshusha maelfu ya volti hadi 230 inapandisha 230 hadi maelfu ukiilisha upande wa chini. Mtu mwenye invata kubwa ya kilowati 5, au grupu (jenereta) la duka, transfoma ndogo yenye wateja wachache, inawezekana kabisa. Ndiyo maana mwenye kazi yake anapima kwanza na kuunganisha laini na ardhi kabla ya kugusa. Sisi tulifundishwa.

Nani mwingine anapanda nguzo Bukavu? Vijana wa mtaa. Waya ukidondoka Jumamosi hawasubiri Jumatatu, wanachanga pesa, kijana anapanda na koleo lenye mpini wa plastiki uliopasuka. Hapimi, hafungi ardhi. Anauliza tu kwa sauti, "Imezimwa?" na chini wanamjibu "Imezimwa!" Huyo ndiye utakayemuua, na utakuwa unamjua jina.

BinRuzizi

Mpanda_Nguzo, hilo la waya uliokatika karibu na nyumba sikuwa nimelisikia kwa namna hiyo. Nimekuelewa.

Basi niambieni mbadala. Maana mgao hauishi kwa sababu tumeongea. Na swichi kubwa za kizungu, za kuchagua kati ya Snel na invata, bei yake ni sumu.

Kivu_Butike

Niko na butike ya vifaa vya umeme upande wa Kadutu, niwasemee wauzaji kidogo. Watu wanakuja na bajeti ya paneli, betri na invata. Ukimwambia nunua na fizibo, na swichi, na waya mnene, anakwenda duka la pili ambako hawamwambii. Si kwamba hatujui. Mteja mwenyewe anasema "hizo zitakuja baadaye", na baadaye haifiki.

Lakini nakubali: huo waya wa madume mawili tayari umefungwa, nimeuona ukiuzwa barabarani umening'inizwa pamoja na ralonji. Mimi siuuzi na sitauuza.

Swichi anayoitaka BinRuzizi madukani uliza "inverseur", yenye nafasi tatu, I, 0 na II. Ya nyumba ndogo haifikii bei ya paneli moja.

FundiNyawera

Hiyohiyo. Nieleze inavyofanya kazi, maana watu wananunua kisha wanafungiwa vibaya.

Umeme wa Snel unaingia I. Umeme wa invata unaingia II. Katikati ni 0, hakuna kitu. Nyumba inatoka kwenye ule mguu wa pamoja. Chuma cha ndani ni kimoja, hakiwezi kugusa pande mbili kwa wakati mmoja hata mtoto akiizungusha kwa kucheza. Usalama umehama kutoka kichwani mwako ukaingia kwenye chuma. Mgeni anaweza kuigeuza usiku bila kuelewa lolote, na Mpanda_Nguzo yuko salama.

Sharti: iwe ya kukata waya zote mbili, fazi (wenye umeme) na nyutro (wa kurudishia). Nimeona mafundi wanageuza fazi tu na kuacha nyutro za Snel na za invata zimefungwa pamoja. Hapo umetenga nusu. Na iwe ya ampea zinazotosha nyumba, 40 kwa nyumba ya kawaida ni sawa.

Kama huna uwezo wa swichi leo, kuna njia nyingine isiyokuwa na aibu yoyote: usiguse waya za ukutani kabisa. Invata ina prizi zake usoni. Chomeka ralonji nzuri hapo, taa mbili, televisheni, chaja, basi. Umeme unatoka kwenye prizi ya kike kwenda kwenye fishi ya kiume, kama inavyopasa, na hakuna jino hai linalobaki wazi. Mimi mteja mwenye pesa kidogo ninamshauri hivyo na ninamwambia arudi akiwa tayari. Ningependa watu waone hii ni kazi kamili.

Invata nyingi za sasa hivi zile za kutundika ukutani zina mlango wa Snel na mlango wa nyumba, zinajigeuza zenyewe. Hizo ni nzuri. Soma kijitabu chake, funga kila waya kwenye mlango wake.

Mama_Bagira

Baba fundi, hamjambo wote. Mimi si fundi, ni mshonaji. Nina betri moja ya volti 12, invata ya wati 1,000 na paneli mbili. Sina waya wa madume mawili, natumia prizi ya invata. Lakini nikiwasha pasi, dakika chache invata inalia piii, inazima. Na zile waya nyekundu na nyeusi kati ya betri na invata zinapata joto, nikizishika zimelainika. Aliyenifungia alisema ni kawaida, volti 12 haiwezi kumdhuru mtu. Waya ni kama mita mbili kwa sababu betri iko chini ya kitanda na invata iko juu ya mashine.

FundiNyawera

Mama, asanti kwa kuuliza kabla ya kitu kutokea. Leo usipige pasi tena kwa betri hiyo mpaka ubadilishe waya, nakuomba.

Volti 12 haitakurusha ukiigusa, hapo alisema kweli. Ila volti ikiwa ndogo, ampea zinakuwa kubwa. Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa ukutani inakula ampea kama 4. Kwenye betri ya 12 ni 83, na ukiongeza kile kinachopotea ndani ya invata zinafika 93 hivi. Hizo zinapita kwenye waya wako.

Nakisia waya uliokuja nao ni wa milimita 6 za mraba, ndio wanaouza na vifaa vya bei rahisi. Mita mbili kwenda na mbili kurudi ni mita nne za shaba. Nimepiga hesabu: karibu wati 100 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe, chini ya kitanda chako. Na volti kama 1.1 zinapotea njiani, kwa hiyo betri ikitoa 12 invata inapata chini ya 11, inadhani betri imeisha, inalia. Betri yako labda ni nzima. Ni waya ndio unaolia.

Weka waya wa milimita 35 za mraba, usogeze betri ili waya usizidi mita moja. Upotevu utashuka hadi wati 10 hivi.

Kitu cha muhimu kuliko vyote: fizibo. Betri kubwa ya risasi ikigusanishwa nyekundu na nyeusi inaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000. Ufunguo wa fundi ukiangukia juu yake unakuwa mwekundu. Ngozi ya waya ikiyeyuka na shaba mbili zikagusana, hakuna kitu cha kuzizuia mpaka moto. Fizibo ya ampea 125 kwa waya huo wa 35.

Na betri itoke chini ya kitanda. Ya maji, inapochajiwa inatoa haidrojeni, gesi isiyo na harufu, ikifika asilimia 4 tu hewani inaweza kulipuka kwa cheche. Gesi hiyo ni nyepesi, inapanda. Weka betri mahali penye tundu la juu, mbali na jiko na mbali na watoto.

Kivu_Butike

Mama, ukija kununua waya popote, kwangu au kwa mwingine, omba kisu. Kwaruza uzi mmoja wa ndani. Ukibaki mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukitoka mweupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inabeba kidogo kuliko ilivyoandikwa na inalegea kwenye skrubu. Sokoni ni nyingi sana na zinaandikwa namba kubwa.

Mwalimu_Umeme

Nafundisha umeme shule ya ufundi, niongeze kuhusu ile disjonkta yenye kitufe cha T, "différentiel" ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja. Watu wanaamini wakibonyeza T na ikaruka basi nyumba ina ulinzi. Kitufe kile kinathibitisha kwamba kifaa chenyewe ni kizima. Hakithibitishi kwamba una waya wa ardhi. Kitaruka hata kwenye nyumba isiyo na fimbo ya ardhi kabisa, kwa sababu kinapitisha umeme kidogo ndani yake chenyewe.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalioni: invata nyingi ndogo umeme wake unaelea, hakuna waya wake uliofungwa ardhini. Ukiwa kwenye invata hiyo, umeme ukivuja kwenye mwili wa friji, hauna njia ya kurudi kupitia ardhi, kwa hiyo différentiel haihisi chochote. Mtu wa kwanza akigusa anaweza asisikie kitu. Hitilafu ya pili ikitokea kwenye waya mwingine, hapo ndipo inauma. Dawa ni kufunga nyutro ya invata na ardhi mahali pamoja, LAKINI si kila invata inakubali. Baadhi ya zile za bei rahisi ukifunga hivyo zinaungua siku ileile. Kijitabu ndicho kinachosema. Kama hakisemi, acha, ita mtu anayejua.

Juu ya bati pia. Waya wa paneli unaopita kwenye ncha ya bati bila bomba unakatwa polepole na upepo. Siku ngozi inapokwisha, bati zima lina umeme na fundi wa bati anapanda.

Kutoka_Koln

Na paneli haina swichi. Jua likiwepo, inatoa. Mbili zilizofuatana zinaweza kufika volti 80 au 90 za umeme wa moja kwa moja, na cheche yake haijizimi kama ya ukutani, ambayo inapita sifuri mara 100 kwa sekunde. Ukichomoa viungio vya paneli wakati invata inafanya kazi unaweza kuona moto wa buluu unaoendelea kunyooka kati ya ncha mbili. Zima mzigo kwanza. Na disjonkta ya upande huo iwe imeandikwa DC, yaani umeme huo wa moja kwa moja, ya ukutani haifai.

BinRuzizi

Nimekata ule waya. Nimetoa fishi moja na kuweka ya kike, sasa ni ralonji. Swichi nitanunua mwisho wa mwezi. FundiNyawera, swali moja la mwisho kwangu: ndugu yangu aliyeko Ubelgiji ameshatuma ile ya video, iko njiani kwenye kontena. Nifanye nini nayo?

FundiNyawera

Hapo umenifurahisha, mkubwa.

Paneli zenyewe ni paneli kama nyingine, zitakufaa. Soma nyuma yake volti ngapi, kisha tafuta chaji kontrola (kidhibiti cha kuchaji betri kwa paneli) ya aina ya MPPT inayokubali volti hizo na inayolingana na betri yako. Ile invata yake ndogo iweke kando. Usijaribu kuidanganya kwa kuichomeka kwenye umeme wa invata ya betri ili iamke. Itaona volti 230 na mapigo 50, itaanza kusukuma, na invata ya betri ambayo haikutengenezwa kupokea itapokea. Volti zinapanda bila mtu wa kuzizuia, na televisheni ndiyo inayolipa. Zipo invata zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja hivyo, ila ni za bei nyingine na zinafungwa na anayezijua.

Na mita ya kulipia kabla, kabla hujajaribu kusukuma chochote kuelekea Snel: baadhi haziangalii umeme unaelekea wapi, zinahesabu tu. Utalipia jua lako mwenyewe.

Mama_Bagira

Baba fundi, nimepata waya wa 35, nimekwaruza kwa kisu mbele ya muuzaji, ni mwekundu hadi ndani. Betri tumeisogeza karibu na dirisha la nyuma, juu ya kibao. Kijana wangu anauliza fizibo inakaa upande wa invata au upande wa betri?

FundiNyawera

Upande wa betri, Mama, kwenye waya mwekundu, karibu na kichwa cha betri kadiri inavyowezekana, isizidi kiganja. Ukiiweka upande wa invata, waya wote wa katikati unabaki bila mlinzi. Afunge fizibo kabla ya kufunga kichwa cha betri, waya mwekundu wa betri uwe wa mwisho, na avue saa na pete.

Skrubu azikaze, kisha baada ya wiki azikaze tena, shaba mpya hujilegeza. Halafu piga pasi dakika tano na uniandikie hapa waya ukoje mkononi.

Mama_Bagira

Nimepiga suruali mbili. Waya ni baridi. Haikulia.